Ngoma ya Moyo Iliyotaka Kurudi Arash

Nyie mnaokaa kwenye benchi la mbele ya cherehani yangu mmeniuliza kwa zamu mpaka kazi hainiendi. Kila mmoja nimemsimulia kipande, na sasa vipande vimeanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Juzi nimesikia kwamba nilibebwa na mzimu hadi Loliondo. Sikubebwa na mzimu. Nilibebwa na Lendikruza ya sukari. Kwa hiyo nimeandika yote mara moja, msome mpeane, na atakayesema nimeongeza chumvi akumbuke kuwa mimi ndiye niliyekwenda, yeye alibaki hapa akitafuna mahindi ya kuchoma.

Mnanijua. Mimi si mtu wa safari. Nimefikisha miaka arobaini na moja Karatu hapa, magari ya watalii yakinipita mlangoni kila asubuhi, na kreta yenyewe nilikuwa naisikia tu kama mtu anavyosikia habari za mwezi. Mto wa Mbu ndio ulikuwa mwisho wa dunia yangu upande mmoja, geti la Lodoare, la kupandia kreta, upande wa pili. Kati ya hapo nilikuwa na mashine yangu, chai yangu na matusi yenu. Nilitosheka.

Qurus, chini ya kitanda cha mama

Mdogo wangu Yona tulimzika kwetu Qurus, pembeni ya shamba la mbaazi. Hilo mnalijua, mlikuja, na mlikula. Msilolijua ni aliloniambia siku mbili kabla.

Aliniita karibu, akanyoosha kidole chini ya kitanda. Kulikuwa na ngoma yake, ile ya ukubwa wa ndoo ya lita kumi, ngozi ya mbuzi, utepe wa rangi tatu umefifia ukawa kama rangi moja.

"Ipeleke Arash," akasema. "Mpe Lemayian. Mpe mkononi, usiiache mlangoni. Akiipokea, basi. Asipoipokea, rudi nayo nyumbani. Nitajua."

Sikumuuliza atajuaje. Mtu mgonjwa humbishii.

Hapa lazima nieleze habari ya ngoma, maana wengine kwenu rege ni ile inayopigwa baa Jumamosi na mnaicheza kama mnakanyaga udongo wa tofali. Yona alinifundisha haya kwa miaka, mimi nikiwa nimebanwa na mashine nisiweze kukimbia. "Kaka," alikuwa akisema, "unajua hiyo besi na hiyo dramu unazosikia redioni zimetoka wapi?" Nasema zimetoka redioni. Anacheka, anaendelea hata hivyo. Kule Jamaika, anasema, warasta walikaa milimani, hawatakiwi na mtu, wakimsifu Mungu kwa zaburi na ngoma tatu. Kubwa ni radi. Ndogo ndiyo ya kusema, inarukaruka juu. Ya katikati ni moyo: mara mbili, inapumzika, mara mbili, inapumzika, haifanyi kingine mpaka mwisho. Wapiga vyombo wa mjini wakapanda kukaa nao, wakashuka na yale mapigo masikioni, wakayatia kwenye gitaa na besi. Na yale maneno nayo, Babiloni na Sayuni, kuonewa na kurudi kwa baba zetu Afrika, yote yalikuwa sala kabla hayajawa nyimbo za kuuzwa. "Ukiona rege imekukamata kifuani," alisema, "hujakamatwa na gitaa. Umekamatwa na ibada ya watu."

Yeye na Lemayian, Mmasai wa Arash aliyefuga rasta kabla ya kila mtu huku, walitengeneza ngoma hizo tatu kwa mikono yao. Walikaa kule miaka wakiimba na mwalimu mmoja wa shule, mpaka mwalimu akahamishwa kwenda kusini. Halafu Yona akapata kazi ya kupigia watalii hotelini. Lemayian akamwambia moyo haupigwi kwa ajili ya watu wanaokula. Yona akamjibu kwamba hata yeye anataka kula. Asubuhi yake akaondoka na ngoma ya moyo bila kuaga. Miaka sita ilikaa kwenye jukwaa la hoteli, na wahudumu waliweka juu yake chombo cha maua. Hilo la maua ndilo lililomuuma mpaka mwisho.

Baada ya mazishi mama akaanza kutolala. Kila alfajiri, alisema, ile ngoma inapiga. Mara mbili, inanyamaza. Mara mbili, inanyamaza. Nikamwambia ni mti unakauka, ni panya, ni shinikizo la damu. Nilikwenda kulala chumbani kwake kumthibitishia. Sikusikia kitu kwa sababu, kama mnavyojua, mimi nikilala hata radi huomba ruhusa. Lakini nilipoamka nilimkuta mama ameketi, macho mekundu kama pilipili, ameshika vidole vyangu.

"Dami," akasema, "kipeleke hicho kitu kabla ya arobaini. Na usinirudishie."

Mnaona nilivyobanwa. Yona anasema isipopokelewa niirudishe. Mama anasema nisiirudishe. Ilibaki njia moja tu: Lemayian aipokee.

Karatu hadi getini

Gari lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni, linapeleka sukari, majani ya chai na sabuni Arash. Dereva ni Sudi, mnamfahamu kwa sauti, yule anayesema "Inshallah" kwa namna ya kukuvunja moyo. Nyuma alikaa mama mmoja wa Kimasai, Mama Naserian, anarudi kwao na mafuko ya shanga. Mimi nikawekwa kando yake, dirisha la pili, ngoma magotini, na mfuko wa kilo mbili za nyama ya kukausha, zawadi yangu kwa mwenyeji.

Nilikuwa nimenyolewa kichwa chote siku ya mazishi, kama tulivyonyolewa wote nyumbani. Mama Naserian aliangalia kile kipara, akaangalia ngoma, akavuta mafuko yake kidogo upande wa pili.

"Pole, fundi," akasema. "Hiyo ngoma naijua. Unampelekea Lemayian?"

"Ndiyo, mama. Ndugu yangu Yona ame—"

Alinifunika mdomo kwa kiganja chake. Kweli kabisa, mbele ya Sudi.

"Usimalize. Kwetu aliyeondoka jina lake halitajwi. Na yule Lemayian ana miiko miwili. Wa kwetu, na wa urasta wake. Rasta wa kweli haendi msibani, hazungumzi kifo, hata neno lenyewe hataki likae mdomoni mwake. Yeye anasema uzima tu. Ukimwambia maneno hayo unayotaka kuyasema, atageuka aingie ndani, na utarudi na ngoma yako."

"Sasa nitamwambiaje?"

"Hilo sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na somo hilo halikuwemo.

"Na huo mfuko una nini?" akauliza.

"Nyama. Zawadi."

Sudi alicheka hadi gari likayumba. Mama Naserian akatikisa kichwa. "Lemayian hali nyama. Wala chumvi hatii. Tangu alipofuga hizo nywele."

"Mmasai hali nyama?"

"Mama yake alilia mwaka mzima."

Getini baridi ilishaanza. Kipara changu kilikuwa kinauma kama jino. Nikaingiza mkono kwenye tumbo la ngoma, ambako nilishawahi kuhisi kitu laini, nikatoa kofia ya Yona, ile kubwa ya kufumwa, nyekundu, njano na kijani. Inanuka moshi na mchaichai. Nikaivaa. Ilinienea kama niliyoshonewa. Mama Naserian alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akageukia dirishani.

Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi pembeni ya geti akapiga kelele: "Ras! Siku nyingi! Umekonda, baba!"

Ras ndivyo walivyomwita Yona; ningemweleza. Lakini mnajua kueleza msiba kwa mtu mwenye ndizi mkononi kulivyo. Nikampungia mkono. Akanirushia ndizi mbili za bure. Sudi akaniambia, "Endelea hivyo hivyo, tutashiba." Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na nililila kwa maganda yake.

Ukingoni

Nimeiona kreta. Ni nyeupe.

Ukungu ulikuwa umejaa mpaka kwenye kioo. Sudi alisimamisha gari pale watalii wanaposimama kutazama, akaniambia, "Haya, fundi, hapo chini ndipo maajabu ya dunia." Nikatazama maajabu ya dunia. Yalikuwa kama shuka lililoanikwa. Miti ilitokea nusu nusu, ile yenye ndevu za kijani zinazoning'inia, ikapotea tena. Sikusikia ndege. Hata upepo ulikuwa umeshikwa.

Tuliendelea polepole. Mbele kidogo Sudi akaona kivuli kikubwa barabarani, akahofia ni nyati, akazima taa, akazima na injini, akasema tusubiri kitupishe. Tukakaa kimya watatu tukipumua.

Hapo ngoma ikapiga magotini kwangu. Mara mbili. Ikanyamaza.

"Fundi," akasema Sudi bila kugeuka, "acha mchezo."

"Mikono yangu hii hapa." Nikainua yote miwili, kama mtu anayekamatwa.

Mara mbili. Ikanyamaza. Niliihisi kwenye mifupa ya mapaja kabla ya kuisikia. Sauti ilikuwa ya chini, imelegea, kama mtu anayegonga mlango akiwa amejifunga blanketi mkononi.

"Ni unyevu," nikasema. "Ngozi inalegea kwenye ukungu, mti nao unajikunja." Yona ndiye aliyeniambia ngozi huongea na hewa, ndiyo maana waliikausha kwa jua au moto kabla ya kuimba. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Basi mwambie huyo unyevu," akasema Sudi, "azime." Na akaanza kusoma dua chini kwa chini, haraka, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Kile kivuli barabarani kilisogea. Hakikuwa nyati. Alikuwa mzee wa Kimasai, shuka limelowa limemganda mwilini, anatembea peke yake na fimbo. Alikuja hadi dirishani kwangu, akainama, akaitazama kofia, akaitazama ngoma. Alikuwa na macho ya mtoto wa jicho, moja jeupe kabisa.

"Sopa," akasema.

"Ipa," nikajibu, maana hilo ninalijua.

"Afadhali leo umepata gari," akasema. "Juzi nilikupita hapa hapa ukienda kwa miguu, na hiyo ngoma begani. Nikakuita, hukugeuka. Arash ni mbali, kijana."

Akagonga paa la gari mara moja, kwa upole, kama mtu anayeaga ng'ombe. Hatua tatu, ukungu ukammeza.

Juzi ngoma ilikuwa Qurus chini ya kitanda, na mama amekaa juu yake. Sudi aliwasha gari akaondoka bila kuona mbele hata hatua mbili, na ninaamini hadi leo kwamba lile gari lilijua njia lenyewe.

Kushuka uwandani

Ukungu ulikatika ghafla kama umekatwa na mkasi. Chini yetu kulikuwa na nchi kavu, ya rangi ya mkate, punda milia wametawanyika kama vifungo vilivyomwagika. Jua likatupiga. Nikataka kulia kwa furaha, halafu nikaona aibu, nikala ndizi.

Tulisimama kwenye kibanda kimoja njiani kunywa chai. Maziwa yao yamekaa kwenye kibuyu kilichofukizwa, yana ladha ya moshi, na chapati ilikuwa nene kama kola ya koti. Nilikula tatu. Mwenye kibanda, mwanamke mnene mcheshi, alinipa ya nne. "Ya njiani, Ras. Lile deni la wimbo ulioniachia." Nikaipokea. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea kuwa Yona. Nilijikuta hata nimeegemea nguzo kama yeye, mguu mmoja umekunjwa, na nikashtuka, nikasimama wima kama fundi.

Tuliiacha barabara ya Serengeti, tukashika njia ya upande wa Piyaya, na hapo pancha ikatupata. Jeki ilizama kwenye mchanga. Sudi akaweka jiwe, jiwe likazama. Tukaweka kibao, kibao kikapasuka. Sasa kulikuwa na saa tatu za jua, hakuna mti, hakuna gari, na zile kilo mbili za nyama. Sudi akasema ni dhambi zawadi isiyo na mpokeaji kuozea njiani. Akaila nusu yake, mimi nikamsaidia.

Mama Naserian alikaa kwenye kivuli cha gari, akipanga shanga zake.

"Tangu ile ngoma ilipotoka," akasema, "Lemayian hajaimba. Zile mbili amezitundika ukutani. Zamani tulimcheka, na nywele zake na maharage yake. Lakini jioni tulikuwa tunaisikia ile sauti kutoka bomani kwake, mara mbili, mara mbili, hata ng'ombe walikuwa wanakaa chini. Alipoacha, ng'ombe walisumbua mwezi mzima. Kila gari likija anatoka kutazama. Anasema mwenziwe atairudisha mwenyewe, kwa mikono yake, ndipo ataimba."

"Kwa mikono yake mwenyewe?"

"Ndivyo anavyosema."

Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na mafuta ya nyama.

Ngoma ilikuwa juu ya boneti, Sudi ameiweka pale kwa kuwa hakutaka kukaa karibu nayo. Jua lilikuwa limeikaza. Ikapiga. Safari hii sauti ilikuwa ya juu, kavu, safi. Mara mbili, ikanyamaza. Mara mbili. Hakuna ukungu, hakuna unyevu. Mama Naserian aliinua kichwa, akasikiliza kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali, akarudi kwenye shanga zake.

"Ina haraka," akasema.

Jeki haikuzama tena.

Arash

Tulifika jua likiwa bado juu. Sudi alisema gari haliwezi kupita korongo la mwisho, na huenda ni kweli. Mama Naserian alinionyesha boma kwa kidevu. Nikatembea peke yangu, ngoma begani, kofia kichwani, upepo wa vumbi unanisukuma kwa nyuma.

Hapo sasa, jiwekeni kwenye macho ya Lemayian. Amesimama mlangoni pa boma lake, miaka sita anatazama magari. Mimi na Yona tunafanana kama makoti ya kata moja. Na huyu hapa anatoka ndani ya vumbi, kofia ile ile, ngoma ile ile, bega lile lile.

Alikuja mbio. Mtu mrefu, rasta zinamfika kiunoni, shuka jekundu. Alikuwa analia na kucheka kabla hajafika.

"Yona! Umechelewa, ndugu yangu. Umechelewa sana, lakini umekuja."

Akanikumbatia. Ngoma ilikuwa kati yetu, kifua chake upande mmoja, changu upande mwingine, na naapa nilihisi mapigo matatu mle na siyo mawili. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya kuzunguka. Yote yalikimbia. Nikaelewa nilichokifanya tangu getini: nilikuwa nimekula ndizi na chapati za mtu, na sasa nilikuwa nakula kumbatio lake.

Nikarudi hatua moja nyuma. Nikavua kofia.

Aliona kipara. Alikitazama kwa muda ambao mngeweza kushona pindo la suruali. Uso wake ulifunga kama duka. Akageuka, akaingia ndani, akavuta mlango wa mti nyuma yake.

Nilikaa juu ya jiwe. Upepo ulikuwa unapiga mluzi kwenye ua wa miiba. Niliwaza njia yote ya kurudi, ukungu, yule mzee wa jicho jeupe, halafu kitanda cha mama. Baadaye mwanamke mmoja aliniletea bakuli la makande, akaliweka chini, akaondoka bila kunitazama. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Nilikula yote, maana woga wangu haujawahi kuzuia tumbo.

Alipotoka alikuwa amebeba ngoma kubwa, ile ya radi, na nyingine ndogo. Ndogo akailaza kando. Akaketi mbele yangu na kubwa kati ya magoti. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ngoma haipokelewi kutoka kwa mbebaji," akasema. "Punda naye anabeba. Inapokelewa kutoka kwa mpigaji. Wewe ni nani kwa ngoma hii?"

"Kaka yake. Fundi cherehani."

"Unapiga?"

"Sijawahi kupiga hata chafya kwa mpangilio."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Basi jaribu," akasema. "Ukishindwa, rudi nayo."

Nilitoa simu nikaiweka juu ya jiwe irekodi, kwa sababu mama angetaka ushahidi. Nikaweka ngoma magotini. Mkono wangu wa kulia haukujua pa kuanzia, wa kushoto umeamua kuwa wa mtu mwingine. Nikapiga. Lilikuwa jambo la aibu. Mara tatu, mara moja, mara mbili lakini pamoja. Lemayian alingoja na kiganja chake juu ya ngozi, hapigi.

"Iache mikono," akasema ghafla. "Tazama mguu wako."

Nikatazama. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga vumbi, kisigino, kidole, pumziko. Unakanyaga kanyagio la mashine ambalo halikuwepo. Miaka yote ile ya hoteli, siku zake za mapumziko, Yona alifanya mazoezi kwenye ndoo nyuma ya ukuta wa mbao wa kibanda changu, na mimi nikishona upande huu, nikimwombea apate kazi ya mbali. Mguu ulikuwa unasikiliza. Mimi sikuwa nasikiliza, lakini mguu ulikuwa unasikiliza.

Mikono ikaufuata mguu. Mara mbili, pumziko. Mara mbili, pumziko. Lemayian akafumba macho, radi yake ikaingia chini yangu, nikahisi ardhi imepata sakafu. Akaanza kuimba, Kimasai na Kiswahili vimechanganyika, zaburi ambayo sikuijua, sauti imeota kutu ya miaka sita. Ng'ombe wa boma la jirani wakageuza vichwa. Baadhi wakakaa chini.

Msidhani nilipiga vizuri. Nilikohoa vumbi mara tatu na kila mara nilipoteza. Katikati mkono wa kushoto ulikufa ganzi, nikaacha kabisa, nikaukung'uta hewani na kusema, "Samahani, kaka, ngoja kidogo." Yeye akasema "Pumzika," akaendelea kuimba. Nikapumzika. Nikaanza tena.

Alipomaliza alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Nikamwekea ngoma. Akaikumbatia kifuani, akaegemeza paji la uso kwenye ngozi, na akakaa hivyo.

Nilimpa na kofia. Akaisukuma kurudi kwangu.

"Hiyo rudi nayo," akasema. "Mwambie mwenyewe tumeonana. Mwambie maua nimesamehe."

Habari ya maua sikuwa nimemwambia mimi, wala ndani ya lile gari hakuna aliyeijua.

Kurudi Qurus

Njia ya kurudi haikuwa na kitu. Ukingoni palikuwa peupe kwa jua, kreta iko wazi yote mpaka chini, na mimi nililala. Sudi anasema alinitikisa mara mbili. Kwa hiyo hadi leo maajabu ya dunia sijayaona, msiniulize.

Mama alikuwa kitandani. Nikamwambia imepokelewa, kwa mikono miwili. Hakuniamini, si mnamjua. Nikaketi kwenye kigoda, nikafungua simu, nikaiweka kwenye mto wake.

Ilianza na aibu yangu, mara tatu, mara moja. Mama akatabasamu kidogo. Halafu sauti ya Lemayian, "Tazama mguu wako." Halafu moyo ukaingia, na radi, na zaburi.

Nikajisikia nikikohoa. Nikangoja pale nilipopoteza. Ngoma haikupotea. Nikakohoa tena, na tena, na yale mapigo yakapita chini ya kikohozi changu yakiwa sawa. Halafu nikasikia sauti yangu wazi kabisa ikisema, "Samahani, kaka, ngoja kidogo," na Lemayian akijibu "Pumzika." Nilikumbuka mkono wangu ukiwa hewani, naukung'uta. Na ngoma ya moyo inaendelea. Mara mbili, pumziko. Mara mbili, pumziko. Haikukatika hata mara moja mpaka mwisho wa wimbo.

"Huyo si wewe," akasema mama.

"Ni mimi, mama."

"Wewe hata makofi ya kanisani unachelewa, Dami." Akavuta simu karibu na sikio, akageukia ukutani. "Rudia."

Nikarudia. Kabla haijafika zaburi alikuwa amelala, saa kumi jioni, mdomo wazi, kama mtoto. Betri ilipokwisha simu ikazima, nami nikabaki kwenye kigoda nasikiliza. Chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Nilihakikisha kwa kuinama.

Kwa hiyo mnaponilalamikia kwamba tangu nirudi mashine yangu imebadilika mlio, inakanyagwa mara mbili halafu inasimama, na kwamba suruali zenu hazitoki kwa wakati, sasa mnajua. Nimejaribu kuurekebisha mguu. Anayetaka suruali yake upesi, mafundi wako wengi pale sokoni. Mimi nafika pale kwenye pumziko, na nangoja kidogo.